Mchikichi wa Kigoma uliofika Costa Rica

Mchikichi ni mti wa Afrika Magharibi. Unataka joto mwaka mzima na mvua ya milimita 2,000 hivi, tena isiyokatika miezi mingi. Sasa angalia Kigoma: ziwa lenyewe liko mita 770 na kitu juu ya usawa wa bahari, mvua ni kama nusu ya hiyo, na kuanzia Juni hadi Septemba ni kiangazi. Kwa vipimo vya vitabuni mti huu ungehangaika. Lakini Richard Burton alipofika Ujiji mwaka 1858 aliikuta michikichi imeshamiri ufukweni na mawese ni bidhaa ya soko. Sokwe wa Gombe nao wanaila chikichi kama chakula chao cha kila siku.

Michikichi hiyo ya zamani ni Dura. Ganda la kokwa yake ni nene, milimita 2 hadi 8, kwa hiyo nyama inayotoa mawese ni kidogo. Kuna pia Pisifera, isiyo na ganda kabisa, ila mara nyingi haizai vizuri. Mwaka 1941 Beirnaert na Vanderweyen, watafiti wa Yangambi katika Kongo ya Wabelgiji, walieleza kwamba jambo hili lote linaamuliwa na jeni moja tu. Ukichavusha Dura kwa Pisifera, watoto wote ni Tenera: ganda jembamba, nyama nyingi.

Hapo ndipo wakulima wengi wanapokwama. Ukipanda mbegu ulizookota chini ya Tenera iliyochavushwa na Tenera mwenzake, katika kila miche minne utarajie Dura mmoja, Pisifera mmoja na Tenera wawili. Kama imezungukwa na Dura za majirani, nusu ya miche itakuwa Dura. Na kwa macho hutajua! Unasubiri miaka mitatu hivi hadi mti uzae, upasue tunda, ndipo ujue shamba lako limebeba nini. Hiyo ni palizi ya misimu yote hiyo, na ardhi iliyoshikwa.

Ndiyo maana kampeni iliyoanza 2018, Waziri Mkuu Kassim Majaliwa akiisukuma, iliweka uzito kwenye miche. TARI Kihinga ikapewa kazi ya utafiti na uzalishaji wa mbegu za Tenera; JKT Bulombora na Gereza la Kwitanga wakaingia kwenye kuotesha. Kwa nchi inayoagiza mafuta mengi ya kula kutoka nje, mimi naona ni hatua sahihi.

Ila kuna upande ambao hausemwi sana. Wazalishaji wa mbegu wa Costa Rica walipotafuta michikichi ya kuvumilia baridi na ukame, walichukua Dura za nyanda za Bamenda, Kameruni, na hizi hizi za Kigoma. Wakazichavusha kwa Pisifera ya Ekona, na mbegu moja iliyotoka inaitwa mpaka leo Tanzania x Ekona. Miaka ya 1990 FAO ilipeleka mahuluti yanayovumilia baridi kutoka Costa Rica yakajaribiwe magharibi mwa Kenya, kwenye miinuko ambako mchikichi wa kawaida husuasua.

Kwa hiyo mkulima wa Simbo au Mwandiga anayeng'oa Dura za babu yake apande Tenera anafanya hesabu nzuri ya mawese. Lakini anang'oa pia mti uliochujwa na viangazi vya hapa kwa vizazi, na mbegu ya namna hiyo huwezi kuitengeneza upya kitaluni. Ningependa kuona Dura hizo zikikusanywa kijiji kwa kijiji na kupandwa Kihinga, kabla mashoka hayajazimaliza.