Afya shuleni: mafundisho yakue pamoja na mtoto

Tangu mapatano ya mwaka 1977 kati ya Serikali na makanisa, shule zetu nyingi zinaongozwa na kanisa, huku Serikali ikiweka programu. Kwa hiyo mtoto akiugua kwa kukosa kufundishwa, sisi pia tutaulizwa. Hapa tunaonyesha mambo ya afya yanayofaa kwa kila umri.

Darasa la 1 mpaka la 6

Mtoto mdogo hujifunza kwa kutenda. Anawe mikono kwa maji na sabuni kabla ya kula na kila anapotoka chooni. Alale ndani ya chandarua, kwa maana mbu wa malaria huuma hasa usiku.

Kandokando ya ziwa Kivu na Tanganyika, kipindupindu hurudi mara kwa mara. Hupitia katika maji au chakula kilichochafuliwa na mavi ya mgonjwa, na asiyetunzwa anaweza kufa kwa muda wa saa chache. Mwanafunzi wa darasa la 5 anaweza kutengeneza maji ya kumnywesha mgonjwa: litre 1 ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vijiko visijazwe kupita kipimo. Mgonjwa anywe kidogo kidogo huku akipelekwa upesi kwenye kituo cha afya.

Darasa la 7 na la 8

Sheria ya mwaka 2014 iliweka madarasa haya mawili ndani ya elimu ya msingi. Ndio umri ambapo mwili hubadilika, na hapo ndipo sisi wa kanisa tunanyamaza. Binti asiyeambiwa kitu huona damu yake ya kwanza, akadhani ni ugonjwa au laana, na anabaki nyumbani. Aambiwe mapema kwamba hedhi si ugonjwa wala dhambi. Vitambaa vioshwe kwa sabuni na kuanikwa juani mpaka vikauke kabisa. Wavulana nao wafundishwe, ili wasimcheke dada yao.

Madarasa ya humanite

Vijana hawa wafundishwe waziwazi juu ya UKIMWI, mimba za mapema na pombe. Tena wajue kupima habari. Ebola iliyotangazwa Kivu ya Kaskazini tarehe 1 Agosti 2018, ikafika Ituri pia, iliua watu zaidi ya 2.200 mpaka ilipokwisha tarehe 25 Juni 2020. Uvumi uliwafanya wengi wawakimbie waganga na kuosha maiti kwa siri. Kijana anayejua kwamba ugonjwa ule hupita katika maji ya mwili wa mgonjwa au wa maiti anaweza kuokoa jamaa yake.

Kazi ya kanisa

Somo la kunawa pasipo maji ni maneno matupu. Kila parokia ianze na vitu vitatu: bidoni yenye robine mbele ya darasa, sabuni, na choo cha wasichana chenye mlango unaofungika. Sadaka ya Jumapili moja inaweza kununua bidoni na sabuni. Mlango, mafundi walio kati yetu wataufanya.

Katika Kumbukumbu la Torati 23, Mungu aliwaagiza Waisraeli wafukie mavi yao nje ya kambi, kwa sababu Yeye alitembea kati yao. Kama Bwana hakuona haya kusema juu ya choo, mchungaji naye asione haya.