Morgan: kiwanda kidogo kilichomwambia mshauri "hapana"

Wiki hii zamu ya kuandika ni yangu. Nimechagua historia ambayo wengine watacheka: historia ya magari ya spoti, zile gari ndogo za viti viwili za kukimbia. Mtasema, huyu analala kwenye hema anaota magari ya matajiri. Ngojeni kwanza, msipite. Someni mpaka mwisho halafu mniambie kama hii habari haituhusu.

Kila mtu aliyetoka Goma au Rutshuru anajua chukudu. Ni mbao, magurudumu mawili ya mbao yaliyovishwa raba ya tairi kuukuu, na kijana anashuka nayo mlimani na magunia ya viazi. Pale Goma wameijengea hata sanamu kwenye mzunguko wa barabara. Sasa, ungeamini kwamba Uingereza kuna kiwanda ambacho mpaka leo kinaweka mbao ndani ya gari, na watu wenye pesa wanapanga foleni kulisubiri? Kiwanda hicho kinaitwa Morgan, kiko mji wa Malvern, magharibi ya Uingereza.

Hapa watu wengi wanakosea, hata Wazungu wenyewe. Chasi ya Morgan si ya mbao. Chasi ni ya chuma, na siku hizi ni ya alumini. Mbao ni ule mfupa wa bodi: mafundi seremala wanakata na kuunganisha mbao za mti wa ash, halafu mabati ya bodi yanavishwa juu yake. Ukiwa fundi wa mbao hapa kambini, kumbe kuna kiwanda cha magari ambacho kazi yako ingeeleweka.

Tuanze mwanzo. Mwaka 1909 kijana mmoja, H.F.S. Morgan, aliyejifunza ufundi kwenye shirika la reli, alijitengenezea gari lake. Baba yake alikuwa mchungaji wa Kianglikana, na ndiye aliyemsaidia pesa za kuanza. Gari hilo lilikuwa na magurudumu matatu. Msifikirie bajaji: bajaji ina gurudumu moja mbele, Morgan ilikuwa na mawili mbele na moja nyuma, na injini ya pikipiki. Mwaka 1910 alilipeleka kwenye maonyesho ya London. Watu walilitazama sana lakini walionunua ni wachache. Sababu ilikuwa rahisi: lilikuwa na kiti kimoja tu. Nani anataka gari asiloweza kumpakia mke wake? Jamaa hakununa. Alirudi nyumbani, akaweka viti viwili, na mwaka 1911 oda zikaanza kuja kweli kweli.

Kitu kingine kilichomsaidia ni kodi. Serikali ya Uingereza ilikuwa inahesabu gari jepesi la magurudumu matatu kama pikipiki, kwa hiyo kodi yake ilikuwa ndogo. Mtu wa mshahara mdogo aliyetaka gari lakini hana uwezo alikwenda kwa Morgan. Yaani hii kampuni ambayo leo ni ya matajiri ilianza kwa kuwauzia watu wa kawaida.

Halafu mambo yakageuka. Mwaka 1922 kampuni ya Austin ilitoa gari dogo la magurudumu manne, Austin Seven, la bei nafuu. Polepole watu wakaanza kujiuliza: kwa nini ninunue matatu wakati naweza kupata manne? Kufika miaka ya 1930, soko la magurudumu matatu lilikuwa linakauka. Mwaka 1936 Morgan akaanza kuuza gari la magurudumu manne. Aliliita 4-4, maana yake silinda nne na magurudumu manne.

Angalieni vizuri alichofanya hapo. Hakuyatupa magurudumu matatu. Aliendelea kuyatengeneza pembeni mpaka mwaka 1952. Kwa miaka 16, ukiondoa ile miaka ya vita, ya zamani na mapya yalitoka kiwanda kimoja. Na ile sura ya mwaka 1936, yenye pua ndefu na mabawa yaliyoinama juu ya matairi, ndiyo leo watu wanaiita "Morgan ya asili". Lakini siku ile ilipotoka haikuwa asili. Ilikuwa kitu kipya kilichofanywa ili kiwanda kisife njaa. Mimi hili jambo lilinisimamisha. Vitu vingi tunavyoviita vya asili, mwanzoni vilikuwa mtu anatafuta namna ya kuishi.

Baada ya vita, viwanda vikubwa vilianza kuvimeza vile vidogo. Bosi wa kampuni ya Standard, ambayo ilikuwa inamuuzia Morgan injini, alitaka kuinunua Morgan yote. Familia ikakataa. Mwaka 1959 mzee alifariki, mwanaye Peter akashika usukani. Mwaka 1962 Morgan moja iliingia kwenye mashindano ya saa 24 ya Le Mans, Ufaransa, ikiendeshwa na Chris Lawrence na mwenzake Richard Shepherd-Barron. Ikashika nafasi ya kwanza kwenye kundi lake, la injini zisizozidi lita mbili. Likumbukeni hilo jina la Lawrence, atarudi.

Sasa tunafika kwenye kosa. Mwaka 1963 Peter alisikia maneno ya watu: Morgan imezeeka, dunia imeenda mbele. Akatengeneza gari jipya lenye paa la kudumu na bodi ya faibaglasi, akaliita Plus Four Plus. Lilikuwa laini, la kisasa, na halikufanana na Morgan hata kidogo. Mnajua yaliuzwa mangapi? 26 tu, kisha likaachwa. Wateja wa Morgan walikuwa wanaipenda ile sura ya zamani. Waliotaka gari la kisasa walikuwa na maduka mengine mengi ya kwenda. Peter alimwacha mteja aliyenaye akamkimbilia mteja asiyemjua.

Ila Peter alijifunza. Mwaka 1968 alitoa Plus 8. Safari hii sura ilibaki ile ile, pua ndefu na mbao ndani, lakini chini ya boneti aliweka injini ya Rover ya silinda nane, injini nyepesi ya alumini iliyoanzia Marekani kwa Buick. Hiyo Plus 8 ilitengenezwa mpaka mwaka 2004. Miaka 36! Hata pale Marekani ilipoweka sheria kali za usalama na moshi, mwagizaji mmoja wa San Francisco alizigeuza Morgan ziende kwa gesi badala ya petroli, ili ziruhusiwe kuingia. Mtu akikipenda kitu, anakitafutia njia.

Na sasa sehemu iliyonifanya niandike hii makala. Mwaka 1990 televisheni ya BBC ilikuwa na kipindi cha mshauri wa biashara. Mshauri mwenyewe ni Sir John Harvey-Jones, mzee aliyewahi kuongoza ICI, kampuni kubwa sana ya kemikali. Kazi yake ilikuwa kutembelea biashara ndogo, kuangalia, halafu kusema wapi panavuja. Alipofika Malvern alishangaa. Magari yalikuwa yanasukumwa kwa mikono kutoka kibanda kimoja kwenda kingine. Kiwanda kilitoa magari machache sana kwa wiki, na mteja alisubiri miaka. Akawaambia: ongezeni uzalishaji, pandisheni bei, wekeni mashine za kisasa, la sivyo mtakufa.

Peter na mwanaye Charles walimsikiliza, kisha wakasema hapana. Mbele ya kamera, nchi nzima inaangalia.

Kwao ile foleni ndefu haikuwa ugonjwa. Ilikuwa kinga. Uchumi ukianguka, viwanda vikubwa vinabaki na magari yasiyo na wanunuzi, lakini wao walikuwa bado na watu wanaosubiri. Wakiharakisha, foleni inaisha, halafu siku mbaya ikija wanabaki na nini? Mshauri aliona ucheleweshaji, wao waliona akiba.

Lakini msiishie hapo mkasema "basi washauri wote ni waongo." Miaka iliyofuata, Charles alianza kurekebisha mambo kimya kimya. Utaratibu wa kazi kiwandani ukapangwa upya. Wakapeleka gari lenye chasi mpya ya alumini kwenye mashindano ya mbio, kulijaribu kabla ya kumuuzia mtu yeyote. Na nani alikuja kusaidia ufundi? Yule yule Chris Lawrence wa Le Mans. Mwaka 2000, kwenye maonyesho ya Geneva, wakaonyesha Aero 8: chasi ya alumini iliyounganishwa kwa gundi maalum, injini ya BMW ya silinda nane, na ndani yake, ndiyo, mbao za ash. Watu walilicheka kidogo kwa sababu taa zake za mbele zilionekana kama macho yenye makengeza. Baadaye taa zilibadilishwa. Lakini gari lenyewe lilisimama. Kwa hiyo mshauri alikuwa na ukweli: ilibidi wabadilike. Na wao walikuwa na ukweli: ilibidi wachague wenyewe lini na vipi. Mwaka 2011 walirudi hata kwenye magurudumu matatu ya babu, na yakapata wanunuzi.

Sitaki kuwadanganya kwa mwisho mtamu. Mwaka 2013 Charles aliondolewa kwenye uongozi wa kampuni ya babu yake. Mwaka 2019 kampuni ya uwekezaji inayoitwa Investindustrial ikanunua sehemu kubwa, familia ikabaki na sehemu ndogo. Mwaka 2020 ile chasi ya chuma, ambayo asili yake ni mwaka 1936, iliachwa kabisa. Sasa magari yote ya magurudumu manne yanasimama juu ya alumini, teknolojia iliyoanza na Aero 8. Mbao za ash bado zinakatwa Malvern, lakini neno la mwisho haliko tena na familia.

Kwa nini nawaambia haya yote? Jirani yetu hapa kambini ni seremala, sisi vijana tunamwita Papa tu. Alikuwa anatengeneza vigoda na vitanda, watu wananunua. Siku moja wakaja watu wa mafunzo, wema tu, wenye nia nzuri. Wakamwambia vigoda havina faida, atengeneze makochi ya kisasa. Papa hakusema hapana. Kwetu mgeni aliyekuletea msaada humwambii hapana. Alichukua mkopo kwenye kikundi, akanunua sponji na vitambaa, akatengeneza makochi matatu. Moja likauzwa kwa hasara. Mawili yalinyeshewa mvua. Mafunzo yaliisha, ripoti ikaandikwa, na mkopo ukabaki kwa Papa. Papa hakulalamika. Alirudi kwenye vigoda, na mpaka leo analipa kidogo kidogo.

Nikisoma habari za Morgan namfikiria yeye. Peter Morgan alikuwa na ujasiri, sikatai. Lakini alikuwa pia na foleni ya wateja na kiwanda chake mwenyewe. Kusema hapana kunahitaji kitu cha kusimamia. Papa alikuwa na nini? Kwa hiyo sitawaambia vijana wenzangu "kuweni kama Morgan, kataeni." Hiyo ni rahisi kuandika. Nitawaambia kitu kidogo zaidi: ukiambiwa ubadilishe kazi yako, usiue ile ya zamani kabla mpya haijasimama. H.F.S. Morgan alikwenda na zote mbili. Jaribu moja kwanza, kama wao walivyojaribu kwenye mbio. Tengeneza kochi moja, si matatu.

Na nyinyi kaka na dada wa mashirika, kwenu nina ombi moja, kwa heshima. Kabla ya kumwambia mtu kazi yake ina kasoro, muulize ile kasoro inamsaidia nini. Vigoda vya Papa vina faida ndogo, ni kweli. Lakini kigoda kikikosa mnunuzi Jumatatu, Ijumaa kinauzwa, na mvua haikiharibu. Hiyo ndiyo foleni yake. Halafu muulizeni swali la pili: tukikosea, nani atalipa?

Mimi nimemaliza. Tuambiane hapa chini: wewe au mzazi wako mliwahi kuambiwa mbadilishe kazi yenu? Mlifanya nini, na iliishia wapi? Andikeni hata kama ni kwa kifupi. Nitamsomea Papa majibu yenu jioni, yeye hana simu.