Chombo cha Pembeni

Mwaka 1769 James Watt, fundi wa Uskochi, alipata hataza ya wazo moja: mvuke upozwe katika chombo cha pembeni, silinda ibaki na joto lake. Wenye migodi ya Cornwall walimlipa theluthi ya thamani ya makaa waliyookoa. Mwaka 1775 Bunge la Uingereza likamwongezea muda hadi 1800.

Alipotaka injini izungushe mashine za viwandani, Watt alikuta James Pickard ameshapata hataza ya krenki mwaka 1780. Akapita kando: mwaka 1781 alisajili magurudumu mawili ya meno, moja likilizunguka jingine. Kazi ileile, njia nyingine.

Mwaka huohuo Jonathan Hornblower alipata hataza ya injini ya silinda mbili, mvuke uleule ukifanya kazi mara mbili. Wazo lilikuwa jipya kweli. Lakini kupoza mvuke nje ya silinda kulikuwa mali ya Watt. Mwaka 1792 Hornblower aliliomba Bunge limwongezee muda. Watt akapinga, na muda hakuupata.

Hataza humpa mtu haki ya kuwazuia wengine. Haimpi ruhusa ya kutumia cha mwenzake. Kwa hiyo mbunifu ana maswali mawili: changu kina upya gani, na ndani yake mna kipande cha nani?

Hataza ya Watt ilikwisha 1800. Mwaka 1804 Arthur Woolf alisajili injini yake, na silinda mbili zikarudi kazini.