Kit Mikayi: Jiwe la Bi Mkubwa

Yapata kilomita 30 magharibi ya Kisumu, kando ya barabara iendayo Bondo, katika nchi ya Seme, yamesimama majabali ya matale yaliyopandana kana kwamba yamepangwa kwa mkono. Wajaluo huyaita Kit Mikayi. Kidi ni jiwe; likifuatwa na jina la mwenyewe, neno hilo hugeuka kuwa kit. Mikayi ni mke wa kwanza. Ndiyo maana tafsiri iliyozoeleka husema: Jiwe la Mke wa Kwanza.

Tafsiri hiyo ni sahihi, lakini haitoshi. Katika boma la jadi la Wajaluo, nyumba ya mikayi hujengwa kulikabili lango, na majira ya kupanda yeye ndiye huanza kutia mbegu ardhini. Nyachira, mke wa pili, na reru, wa tatu, hufuata. Mikayi basi si wa kwanza kwa hesabu tu, bali kwa heshima. Kiswahili kina neno lake: bi mkubwa.

Masimulizi yasema palikuwa na mzee aitwaye Ngeso aliyelipenda jiwe hilo kupita kiasi. Kila alfajiri aliingia pangoni akashinda humo mchana kutwa, na mkewe ikambidi ampelekee chakula. Watu walipomwuliza mama huyo alipo mumewe, alijibu kwamba amekwenda kwa mikayi wake.

Katika miaka niliyofundisha fasihi simulizi, nilizoea kusikia kisa hiki kikielezwa kuwa ni cha mapenzi ya mzee kwa jiwe. Mimi nakiona kuwa ni kisa cha jibu la mwanamke. Kwa neno moja amelifanya jiwe kuwa mke mwenza, tena akalipa cheo cha juu nyumbani, naye akajiweka nyuma yake. Ni sitiari, ni kejeli, ni lalamiko lisilovunja adabu. Jina la mume limehifadhiwa. La mke halitajwi. Hata hivyo, neno lake ndilo lililodumu.

Leo waumini wa Legio Maria huenda huko kusali, na watalii hukwea na kupiga picha. Walimu wenzangu, mnapowapeleka wanafunzi, msiishie kuwatajia maana ya jina. Waulizeni ni nani aliyelitamka, na kwa sauti gani.