Wema Wenye Majina

Ukitoka Songea ukaelekea mashariki, ukaipita Namtumbo, unaingia wilaya ya Tunduru, kusini mwa Tanzania. Kijiji cha Mbesa kiko huko, kusini mwa wilaya, upande wa Mto Ruvuma na mpaka wa Msumbiji. Wenyeji wengi ni Wayao. Katika karne ya 19 misafara ya pembe za ndovu na watumwa iliyotoka Ziwa Nyasa ilikatiza nchi hii ikishuka Kilwa, na Wayao walikuwemo pande zote mbili: wapo waliouza watu, wapo waliouzwa.

Katika njia hiyo ndiko kilikotoka kitabu kilichosomwa sana shuleni Afrika Mashariki, Uhuru wa Watumwa cha James Mbotela, kilichochapishwa London mwaka 1934. Mbotela alikuwa mtu wa Frere Town, makazi ya watumwa waliokombolewa yaliyoanzishwa na wamisionari wa Kianglikana wa CMS karibu na Mombasa mwaka 1875, na ukoo wake una asili ya Uyao. Wanafunzi walisoma habari za watu waliokuwepo kweli: waliotekwa, waliopakiwa majahazini, wakaokolewa baharini na manowari za Waingereza. Lakini wema humo una mwenyewe. Mtenda wema ni nahodha na mmisionari. Mwafrika kazi yake ni kuokolewa na kushukuru. Mtoto wa Kiyao aliyejifunza huruma kwa kitabu hicho alijifunza pia kwamba huruma hutoka ng'ambo. Hilo ni kosa kubwa, hata kama kila manowari iliyotajwa ilipita kweli.

Ukoo huohuo ulimtoa Leonard Mambo Mbotela, mtangazaji wa Kenya aliyefariki Februari 2025. Kipindi chake cha redio, Je, Huu ni Ungwana?, kilichoanza miaka ya 1960, kiliwauliza watu wa kawaida jinsi wanavyotendeana kwenye foleni, ndani ya basi na kwa jirani. Hapo wema ulikuwa umesharudi mikononi mwa wenyewe.

Katika maandishi, aliyeurudisha kwa nguvu zaidi ni mwandishi Shaaban Robert. Kitabu chake juu ya mwimbaji wa Zanzibar, Wasifu wa Siti binti Saad, kilitoka mwaka 1958, miaka minane baada ya Siti kufariki. Mwandishi alikuwa amewahi kuonana naye na kumsikiliza. Angeweza kumchagua sultani au liwali. Akamchagua mwanamke wa Fumba, Unguja, binti wa watu maskini, aliyeuza vyungu na kuchekwa kwa sura yake na kwa nasaba yake. Siti alijifunza kuimba, akafika Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri, na nyimbo zake zikazisema dhuluma walizotendewa wanyonge, wanawake hasa. Kwangu mimi uzito wa kitabu hiki uko hapa: anayetufundisha utu ni yule aliyenyimwa utu. Msomaji mchanga hapewi mfadhili wa kumshukuru. Anapewa mtu wa kumwiga.

Mkoani Ruvuma watu halisi ambao watoto husimuliwa ni mashujaa wa vita vya Majimaji, vilivyopiganwa dhidi ya utawala wa Wajerumani. Kila Februari mji wa Songea huwakumbuka Nduna Songea Mbano na wenzake walionyongwa na Wajerumani mwaka 1906. Wanastahili. Ila shujaa wa vita humfundisha mtoto jinsi ya kufa. Jinsi ya kumpokea mgeni mlangoni hufundishwa na mtu mwingine.

Na mtu huyo yupo. Vita vya ukombozi vya Msumbiji vilipoanza Septemba 1964, maelfu walivuka Ruvuma wakiwa na watoto migongoni. Serikali ya Tanzania ilifungua makazi ya wakimbizi, Muhukuru wilayani Songea yakiwa mojawapo. Miongoni mwao walikuwemo Wayao na Wamakua waliofika kwa Wayao na Wamakua wenzao, maana mpaka ulichorwa na wakoloni katikati ya koo. Kisa hicho kinastahili kitabu chembamba chenye picha na majina ya kweli ya waliofungua milango. Waliokuwa watoto mwaka ule sasa wamepita miaka sitini. Walimu wa vijiji vya mpakani, Mbesa ikiwemo, wanaweza kuanza kwa kuwatuma wanafunzi kwa mabibi na mababu zao, wakiwa na daftari.