Daftari la Maoni

Katika duka la chuo cha ualimu nilikokuwa mkufunzi, palikuwa na daftari lililofungwa kwa kamba ya katani kwenye mguu wa meza ya muuzaji. Juu ya jalada liliandikwa kwa wino mwekundu: MAONI YA WANUNUZI. Nilikuwa katibu wa kamati ya duka, na wazo la kuweka daftari hilo lilikuwa langu.

Sisi tuliozaliwa kabla ya Uhuru hatukulelewa na maduka ya namna hiyo. Nilipokuwa mtoto, mama alinituma na chupa ya mafuta ya taa kwa Mwarabu wa pale kijijini, na deni likaandikwa katika kitabu chake kirefu chenye jina la baba. Mchele ulipimwa kwa kibaba, na vibaba vinne vilifanya pishi. Muuzaji mwenye hila aliweza kutia kidole gumba ndani ya kibaba wakati wa kupima. Mama alipoligundua hilo, hakusema neno. Alihamia duka la pili, juma zima, akilipita la yule bwana asubuhi na jioni na kikapu chake kichwani. Juma la pili yule bwana aliinuka kitini, akamwamkia yeye kwanza, na tangu hapo hatukukosa nyongeza. Hayo ndiyo yaliyokuwa maoni ya mnunuzi.

Lakini ili uhame duka, sharti pawe na duka la pili. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, Serikali ilitaifisha makampuni makubwa ya kuagiza na kuuza bidhaa, na kazi yao ikapewa Shirika la Biashara la Taifa, lililojulikana kama STC. Miaka ya mwanzo ya 1970 kazi hiyo iligawanywa kwa kampuni za biashara za mikoa, ambazo kila mtu aliziita RTC. Mwaka 1973 ikaja sheria ya kudhibiti bei. Mwaka 1976 ikaja Operesheni Maduka: maduka ya watu binafsi vijijini yafungwe, yawepo ya kijiji. Mwaka huo huo vyama vikuu vya ushirika navyo vikavunjwa. Operesheni yenyewe ilisimamishwa upesi baada ya watu kukosa mahitaji, lakini wenye maduka wengi walikwisha kufungasha. Sisemi nia ilikuwa mbaya. Niliifundisha siasa hiyo darasani kwa moyo wangu wote, na hata leo siwacheki waliotaka mkulima asinyonywe.

Kisha ikaja vita ya Kagera, 1978 hadi 1979, na mafuta ya petroli yakapanda bei duniani. Aliyeishi miaka ile hahitaji kuelezwa. Tulifua kwa majani ya mpapai. Tulikula ugali wa unga wa njano tulioubatiza jina la Yanga. Foleni ilianza alfajiri, na wengine hawakupanga miili yao bali mawe, kila jiwe na mwenyewe, na ole wako ukisogeza jiwe la mama wa watu.

Duka letu lilikuwa na mlango wa nyuma. Siku ya mgao, kabla ya mlango wa mbele kufunguliwa, wanakamati tulipita nyuma tukachukua kilo mbili za sukari na mche wa sabuni kila mmoja. Tulijiambia kuwa ni malipo ya kazi ya kujitolea. Asubuhi moja ya mwaka 1982 nilifungua daftari, nikakuta mistari miwili: kwamba sukari huisha kabla foleni haijasogea, na kwamba wanaofundisha Mwongozo wa 1971 huingilia nyuma.

Nilikuwa nimefundisha kifungu cha 15 cha Mwongozo huo, kinachomkataza kiongozi majivuno na uonevu, juma lililotangulia.

Kikao kiliitishwa. Mwenyekiti aliona ni uchochezi, akataka mwandishi apatikane afukuzwe chuo. Akanisogezea daftari.

"Mwalimu, wewe ndiwe unayesahihisha kazi zao. Mwandiko huu wa nani?"

Niliujua. Ile herufi g yenye mkia uliopinda kama ndoana nilikuwa nimeizungushia wino mwekundu mara nyingi.

"Siutambui, Mzee."

Jambo likaishia hapo. Nimewahi kusifiwa kwa kumnusuru kijana yule, na sifa hiyo nimeipokea kimya. Ukweli ni kwamba katika kikao kile sikufungua kinywa kusema kuwa aliyoyaandika ni kweli. Nilipanga foleni miezi miwili. Kisha mke wangu akajifungua, ukatakiwa uji wa mzazi, nikapita tena mlango wa nyuma.

Mwaka 1983 Sokoine alipoanzisha msako wa wahujumu uchumi, watu walitupa bidhaa vichakani usiku. Mimi nilikuwa na kilo mbili tu za sukari uvunguni, lakini sikulala. Bajeti ya Juni 1984 iliwaruhusu wenye fedha zao za kigeni kuagiza bidhaa, na maduka yakaanza kujaa. Foleni zikapungua. Sabuni ilikuwepo rafuni, ila mshahara wa mwalimu haukuifikia, na kwa hilo hakuna aliyeweka daftari.

Duka letu lilifungwa baadaye. Nilimwendea muuzaji kuomba lile daftari, nikidhani litafaa kuwekwa maktaba. Alicheka. Karatasi nazo zilikuwa za shida siku zile, akasema; alikuwa amezichana kurasa zote, akafungia karanga.