Kompyuta na Kujitegemea

Mwaka 1974 Serikali ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini, baada ya mpango wa kuweka hesabu za Hazina kwenye mitambo hiyo kuvurugika. Tahadhari ile ilikuwa na sababu. Lakini mtambo uliokataliwa haujatawaliwa. Mwaka 2004 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, pamoja na wenzao wa Uswidi, walitafsiri OpenOffice kwa Kiswahili, wakaiita Jambo OpenOffice. Programu ile maagizo yake ya ndani yako wazi, hivyo hapakuhitajika kibali cha bepari yeyote. Karani wa Mwananyamala aliweza kuinakili, akampa jirani bure, bila kuvunja sheria. Lakini programu isiyotunzwa huchakaa. Tunawauliza makada: ni vijana wangapi wa Mwananyamala waliofundishwa kuifungua na kuitengeneza?